Mfupa Mmoja wa Taya

Taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja. Wanafunzi wangu wa uuguzi huiandika sentensi hiyo tunapofika kwenye mifupa ya kichwa, kisha wanafungua ukurasa unaofuata, maana mifupa ya kukariri ni 206 na mtihani haungoji. Mimi huwasimamisha hapo. Matabibu walifundishana kinyume cha sentensi hiyo kwa zaidi ya miaka elfu moja, na aliyewasahihisha aliipata kweli yake katikati ya mifupa ya watu waliokufa kwa njaa.

Kosa lilitoka kwa mtu mwenye akili nyingi. Galen, ambaye Waarabu walimwita Jalinusi, alizaliwa mwaka 129 huko Pergamon, katika Uturuki ya leo. Alianza kwa kuwatibu wapiganaji waliokatana mapanga uwanjani mbele ya watazamaji, baadaye akahamia Roma na kuwa tabibu wa makaisari. Kupasua maiti ya binadamu hakukuwezekana katika Roma ya wakati wake, kwa hiyo alipasua nyani, nguruwe, mbuzi na ng'ombe. Wanafunzi aliwahimiza waende Aleksandria, ambako angalau wangeiona mifupa ya mtu kwa macho yao. Mengi aliyoyaandika yalikuwa sahihi. Ila taya la chini, alisema, ni mifupa miwili iliyoungana kidevuni.

Aliyewahi kuchemsha kichwa cha mbuzi kwa ajili ya supu hawezi kumshangaa. Nyama ikiiva, taya la chini huachia katikati na unabaki na vipande viwili mkononi, kila kimoja na meno yake. Kwa mbuzi, na kwa mbwa pia, pande hizo mbili hushikwa na gegedu na nyuzi tu. Binadamu naye huzaliwa hivyo. Lakini katika mwaka wa kwanza wa mtoto sehemu ile hugeuka mfupa, na kwa mtu mzima hakuna tena kiungo wala mshono. Pitisha kidole gumba katikati ya kidevu cha fuvu, utakuta mwinuko laini usio na ufa. Ukiendelea pembeni, chini ya magego ya mbele, kidole kitazama kwenye tundu dogo, moja kila upande, ambamo mshipa wa fahamu hutokeza kwenda kwenye mdomo wa chini. Daktari wa meno hulilenga tundu hilo kwa sindano ya ganzi.

Aliyeligundua kosa hilo la Galen, Abdul-Latif al-Baghdadi, alizaliwa Baghdad mwaka 1162. Alisoma sarufi, falsafa na tiba, akafika Misri enzi za Sultani Salahuddin na ukoo wake, akaonana na tabibu na mwanafalsafa Musa ibn Maymun, akafundisha Kairo. Mwaka 1200 mto Nile haukufurika vya kutosha, na kilimo chote cha Misri kilitegemea furiko hilo. Ikaja njaa, kisha maradhi. Abdul-Latif aliandika aliyoyaona bila kuyapunguza: vijiji vilivyobaki vitupu, maiti njiani, watu waliokula nyama ya watu. Kurasa hizo ni nzito kuzisoma hadi leo.

Wakati huohuo alikuwa akisoma kitabu cha Galen cha anatomia pamoja na wanafunzi wake wa tiba, nao walishindwa kukielewa kwa maneno matupu. Mwalimu yeyote wa somo hili anaijua shida hiyo. Wakasikia kwamba al-Maqs, kando ya Kairo, mifupa ya waliokufa imerundikana hadi kuwa kilima. Wakaenda.

Hapo ndipo napenda tukae kidogo. Abdul-Latif hakutazama taya moja au mawili akarudi nyumbani kutangaza. Mafuvu yaliyochunguzwa yalizidi 2,000. Aliwaachia na wengine wayakague, yeye akiwapo na asipokuwapo, ili jicho lake lisiwe shahidi pekee. Kisha akaenda kwenye makaburi ya kale ya Busir, ambako mifupa mikongwe ilikuwa imeachana kwenye mishono yake. Taya la chini lilibaki zima. Ndipo akaandika kwamba Galen alikuwa mwangalifu kupita wengi, lakini ushahidi wa macho unastahili kuaminiwa kuliko yeye. Alimpinga bila kumvunjia heshima, na mimi naona hilo ni gumu kuliko kuhesabu mafuvu.

Kwa bahati mbaya aliyaweka hayo ndani ya kitabu kuhusu nchi ya Misri, pamoja na mimea, wanyama na majengo ya kale. Nadhani ndiyo maana matabibu hawakuyaona. Galen aliendelea kutawala.

Ulaya ilichelewa zaidi ya miaka 300. Katika vyuo vyake profesa alikaa kwenye kiti cha juu akisoma Galen, kinyozi akakata maiti chini, na kitabu kikitofautiana na maiti, kitabu ndicho kilichoshinda. Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels aliyefundisha Padua, alishuka akashika kisu mwenyewe. Maiti zake nyingi zilikuwa za watu waliohukumiwa kifo. Mwaka 1543 alichapisha Basel kitabu chake kikubwa chenye michoro, na ndani yake taya la chini ni mfupa mmoja. Sylvius, aliyekuwa mwalimu wake Paris, alikasirika mno. Alijitetea kwamba Galen hakukosea, bali mwili wa binadamu ndio uliobadilika tangu siku zake.

Kitabu cha Abdul-Latif kilitolewa kwa Kilatini na Joseph White mwaka 1800, kisha kwa Kifaransa na Silvestre de Sacy mwaka 1810. Wakati huo hakukuwa tena na ubishi wa kumalizwa. Basel wanaihifadhi hadi leo mifupa ya mhalifu mmoja ambayo Vesalius aliiunganisha mwaka ule wa 1543, na jina lake linajulikana: Jakob Karrer. Wa al-Maqs hawana jina hata moja. Katika darasa langu Abdul-Latif hutajwa kabla ya Vesalius, na watu wa al-Maqs hutajwa kabla ya Abdul-Latif, kwa kuwa mafuvu yalikuwa yao.