Bisibisi ya Kusukuma na Umri Wake

Fundi wa zamani wa pwani alitoboa mbao kwa keke. Jino la chuma lilitiwa katika msukano wa mti, kamba ya uta ikazungushwa juu ya msukano, na mkono ulipovuta na kusukuma jino likazunguka huku na huku. Mwendo wa kunyoka uligeuzwa kuwa wa kuzunguka. Shauri hilo hilo ndilo lililomo katika bisibisi ya kusukuma, ijapokuwa sifa yake ilienea kutoka karakana za Marekani, mwishoni mwa karne ya 19.

Ufito wake wa chuma umechongwa mifereji miwili yenye kujiviringa, mmoja kwa kuume na mmoja kwa kushoto, ikakatana kama suka la mkeka. Mpini ukisukumwa, ufito huingia ndani yake huku ukizunguka, na skrubu hukaza. Ndani mna meno yaumayo upande mmoja tu. Kwa hiyo mpini urudipo, skrubu haifuati. Kitufe kidogo kina vituo vitatu: kukaza, kulegeza, na kufunga ili itumike kama bisibisi ya kawaida. Hapo ndipo inapoishinda keke, ambayo kila ilipokwenda ilirudi.

Iliyovuma kuliko zote ni ile iitwayo Yankee, iliyobuniwa na Zachary Furbish na kutengenezwa na North Brothers wa Philadelphia, ambao walitengeneza pia, ajabu kidogo, mashine za aiskrimu. Mwaka 1946 kampuni ya Stanley iliinunua North Brothers. Mtu aweza kudhani kuwa jina la Philadelphia latosha kuthibitisha kwamba chombo ni cha kabla ya mwaka huo. La, jina la kale liliendelea kupigwa kwa muda chini ya mwenyeji mpya. Namba nayo husaidia: 30 haina springi, 130 inayo. Ncha ya msalaba, ambayo Henry Phillips aliipatia hataza mwaka 1936, ni shahidi dhaifu, maana ncha hubadilishwa wakati wowote.

Tuseme basi chombo kama hicho kimepatikana Busi, katika Wilaya ya Kondoa. Busi haina bandari wala reli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Mpango wa karanga wa Kongwa ulileta mitambo na mafundi kuanzia 1947, ukavunjika 1951. Kwa vyovyote, sehemu ya mwisho ya safari ilikuwa ya barabara. Chapa yaeleza kilikotengenezwa, wala haielezi kilikotumika. Habari hiyo imo katika mpini: herufi zilizochongwa kwa kisu, ufa uliofungwa waya, pengine mti wa kienyeji uliotiwa badala ya ule wa kiwandani. Mkusanyaji apigaye msasa na kupaka vanishi hufuta yote hayo asubuhi moja, na hasara yake haipungui ile ya mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye angalau hajidai kuhifadhi kitu.

Basi aulize kwanza kilikuwa cha nani, ayaandike majina, ndipo asafishe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Na kama ni ya springi, nayo imefungwa, aielekeze mbali na macho; pete ikilegea, ufito huruka kwa nguvu, hata kama bisibisi imelala sandukuni miaka mingi.