Likizo ya Mama Mzazi

Mwalimu wa shule ya serikali huko Amukura ajifunguapo, hukaa na mtoto wake siku 120, na mshahara wake hulipwa kamili. Haki hiyo haikupatikana kwa siku moja.

Mwaka 1919 wajumbe wa mataifa walikutana Washington, wakaafikiana kwamba mama afanyaye kazi kiwandani au dukani apumzishwe majuma 12, naye alipwe kutoka hazina ya umma au bima. Nchini Kenya, sheria ya 1976 ilitoa miezi 2. Lakini aliyeitwaa alipoteza likizo yake ya mwaka, kana kwamba kuzaa ni kustarehe! Sheria ya 2007 iliondoa dhuluma hiyo, ikatoa miezi 3. Mwaka 2021 mzazi aasiliye mtoto akapewa mwezi 1.

Lakini ni nani alipaye? Ni mwajiri. Mwalimu yule hulipwa na serikali kwa kuwa ndiyo iliyomwajiri. Basi mama auzaye mboga sokoni Amukura, au ndizi mpakani Malaba, hana wa kumlipa, asipouza, hali. Uchungu wa uzazi ni mmoja, bali mapumziko si mamoja. Fikra ile ya 1919, ya hazina ya umma, bado haijamfikia.