Sauti Isiyo Kwenye Kinanda: Waislamu Walivyopima Maqamu

Mwezi huu wa Ramadhan masikio yetu yana kazi nyingi. Kuanzia Msikiti wa Jamia pale mjini mpaka Kawangware na Kangemi, adhana ya Magharibi inasubiriwa kwa hamu, na usiku tunasikiliza juzuu baada ya juzuu katika tarawehe. Sasa hebu nikuulize: ushawahi kujaribu kuifuata sauti ya msomaji kwa kinanda cha umeme? Mara nyingi vidole vinakwama. Kuna sauti unaisikia wazi kabisa, lakini kwenye kinanda haipo. Iko katikati ya vibao viwili.

Wapo wanaosema eti msomaji huyo ametoka nje ya sauti. La hasha! Sauti hiyo ina kipimo na ina historia ya zaidi ya miaka 1,200.

Kwanza tuelewe maneno

Chukua uzi uliokazwa wenye urefu wa sentimita 54. Ukiubana katikati, zikabaki sentimita 27 za kulia, utasikia sauti ileile ila imepanda juu. Umbali huo unaitwa oktava. Ukibakisha thuluthi mbili, yaani sentimita 36, utapata sauti inayopatana vizuri sana na ile ya kwanza. Hiyo huitwa ya tano. Sauti zikipangwa kutoka chini kwenda juu ndani ya oktava, hiyo ndiyo skeli. Na kukaza au kulegeza nyuzi mpaka zipatane ndiko kutuni.

Lakini hapa pana shida. Ukipanda hatua za tano mara 12, ungetegemea ufike sawasawa na aliyepanda oktava 7. Hufiki sawa. Hesabu ya kwanza inatoa karibu 129.7, ya pili 128. Tofauti ni ndogo, lakini sikio linaijua. Kinanda cha leo kinaficha tofauti hiyo kwa kupunguza kila hatua ya tano kidogo sana, ili oktava igawike vipande 12 vilivyo sawa. Kila kipande ni nusu toni. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis alikigawa kila kipande mara 100 akaita senti, kwa hivyo oktava nzima ni senti 1,200.

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, kinanda ni njia moja tu ya kugawa oktava. Si mizani ya sauti zote za dunia.

Kidole cha Zalzal

Turudi Baghdad, zama za Harun al-Rashid. Alikuwepo mpiga udi hodari, Mansur Zalzal. Kwenye shingo ya udi palikuwa na sauti mbili za tatu, moja ndogo na moja kubwa. Kidole cha kati cha Zalzal kilikaa baina ya hizo mbili, na mahali hapo pakaitwa wusta ya Zalzal, yaani kidole cha kati cha Zalzal.

Mwanafalsafa al-Farabi, aliyefariki mwaka 950, akapaandikia hesabu katika Kitab al-Musiqa al-Kabir: 27 kwa 22. Ijaribu kwenye uzi wetu. Kinanda kingekupa sentimita 45.4 au 42.9. Kidole cha Zalzal kiko kwenye 44. Kwa senti, kinanda kina 300 na 400, na Zalzal yuko kwenye 355.

Mwaka 1258 Wamongolia waliiangusha Baghdad, lakini elimu haikufa. Safi al-Din al-Urmawi alinusurika, na Kitab al-Adwar yake, inayoigawa oktava kwa sauti 17, ikaendelea kusomwa vizazi na vizazi. Katika karne ya 19 Mikhail Mishaqa wa Sham aliandika juu ya vipande 24, ndiyo hiyo robo toni tunayoisikia ikitajwa. Kwenye Kongamano la Cairo la mwaka 1932 wataalamu walibishana kama vipande hivyo 24 vinaweza kuwa sawa. Si ajabu, kwani sauti ya tatu ya Rasti ya Misri si ileile ya Uturuki. Robo ni jina la kurahisisha mambo tu.

Ilivyofika pwani yetu

Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 mpaka 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kanuni. Usichanganye na kanuni za sheria! Hii ni ala yenye nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na vikonyo vidogo vya chuma vya kuipandisha au kuishusha sauti kidogo tu. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa, chenye jina la Ikhwan al-Safa wa Basra wa karne ya 10, ambao kati ya risala zao moja nzima ni ya muziki. Baadaye, hasa miaka ya 1990, taarabu ya kisasa iliegemea vinanda vya umeme, na zile sauti za katikati zikapungua. Chuo cha muziki kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002 kilirudi kuwafundisha vijana kanuni na udi.

Sisi vijana je?

Wanavyuoni wametofautiana kuhusu ala na hata kuhusu maqamu katika kisomo. Hilo waulize masheikh. Tajwidi daima hutangulia. Lakini historia ni yetu sote. Katika Bayati, sauti ya pili ndiyo iko katikati ya vibao. Katika Rasti ni ya tatu, palepale pa Zalzal.

Siku hizi kijana akienda studio River Road kurekodi kasida, fundi anaweza kuwasha programu ya kunyoosha sauti. Ikiwekwa kwa sauti 12 tu, huivuta kila sauti mpaka kwenye kibao kilicho karibu, na Bayati yako inageuka kitu kingine. Mwambie aizime. Akikuuliza kwa nini, mpe uzi wa sentimita 54 na umwonyeshe 44 iko wapi.

Allah azitakabali saumu zetu. Ramadhan Mubarak.