Mtandao gani wa simu unafaa ukienda vijijini Tabora?

Wadau, mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, tangu Machi mpaka Agosti akisubiri wapagazi ambao Stanley angemtumia kutoka pwani. Miezi mitano, hana pa kuulizia wamefika wapi! Leo ujumbe wa Tabora kwenda Bagamoyo au Ujiji ni sekunde chache tu, mradi mtandao upo. Mjini karibu kila laini inashika. Ingia ndani Sikonge, Kaliua au Uyui, utakuta watu wanapanda kichuguu ili wapige simu.

Kwa wale mnaowanunulia wazee laini, au mliopangiwa kazi huko, zingatieni haya:

1. Uliza kijijini, siyo mjini. Kampuni zipo Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL na Yas (ndiyo Tigo ya zamani, ilibadili jina 2024). Halotel ilipoanza 2015 ilijijengea jina vijijini, lakini jina siyo mnara. Serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) inatoa ruzuku ya minara kwa kata, na kampuni iliyoshinda zabuni ndiyo inayojenga. Ndiyo maana kijiji hiki wanasifia laini moja na cha jirani wanasifia nyingine.

2. Uliza inashika wapi na saa ngapi. Mnara wa 2G kwa kawaida hauvuki kilomita 35, na miti ya miombo na mabonde yanapunguza zaidi. Je, ndani ya nyumba inashika? Kwenye kambi ya tumbaku je? Usiku mnara unazima? Mrina asali anayelala porini wiki nzima ana mahitaji tofauti na mwenye duka.

3. Angalia wakala. Unaweza kutuma hela kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, sawa, lakini bibi ataitolea wapi? Kama wakala wa laini hiyo yuko mbali, nauli ya bodaboda itaila hela yenyewe.

4. Chukua kitochi cha laini mbili. Weka laini ya kijijini na laini ya njiani. Simu inayotafuta mnara wa mbali inatumia nguvu nyingi na chaji inaisha haraka, na huko wengi wanategemea sola.

5. Namba siyo lazima ibadilike. Tangu 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako ile ile. Kabla ya kuhama, toa hela zote na maliza salio.

6. Sajili kwa jina la mtumiaji. Laini inasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, kwa hiyo mpeleke mzee mwenyewe. Piga *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukimsajilia kwa jina lako, siku laini ikipotea yeye hawezi kuirudisha.

Mwisho, msidanganywe na bando la bei poa. Mama mjamzito akishikwa na uchungu saa nane usiku, kinachotakiwa ni simu moja tu ya kuita gari, na iite. Kabla hujanunua laini, pigia watu watatu wa kijiji hicho. Ambaye hapatikani, naye amekujibu.

Nawasilisha.