Alkoholi ni Sehemu ya Dawa: Hoja Kuhusu Tincha za Mitishamba Malaba

Malaba ni mji wa mpakani, huku Busia ya Kenya, kule Tororo ya Uganda, na Wateso wa pande zote mbili hunywa ajon, pombe ya wimbi, kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Pombe kali nayo ipo kote: chang'aa upande huu, waragi upande ule. Anayetaka kuloweka magome katika alkoholi ili apate tincha hahitaji kwenda mbali. Ninachopinga ni dhana kwamba pombe hiyo hubeba dawa tu. Nashikilia kuwa ni kiambato, na kipimo chake kina uzito sawa na kipimo cha mmea.

Maji ya kuchemshia huchota tanini, sukari na chumvi, lakini ulimbo na mafuta mengi hayakubali kuyeyuka ndani yake, na dawa yenyewe huchacha baada ya siku chache. Gome la Warburgia ugandensis, mti ambao Wakikuyu huuita muthiga, lina poligodiali, kemikali inayoupa ukali wake, nayo huyeyuka vizuri zaidi katika alkoholi. Hata hivyo, pombe kali zaidi si lazima iwe bora zaidi. Ulimbo hudai takriban asilimia 90. Tanini hutosheka na 25. Alkaloidi nyingi hutoka vyema kati ya hapo. Ajon haifai hata kidogo, kwa kuwa bakteria na kuvu hawazuiwi ipasavyo mpaka alkoholi ifikie kama asilimia 20.

Hapo ndipo kukadiria kwa macho kunapoleta hasara. Chukua gramu 100 za majani mabichi, ambayo gramu 80 zake ni maji, uyaloweke katika mililita 200 za pombe ya asilimia 40. Maji ya majani yataishusha hadi karibu asilimia 29, na dawa itahifadhika. Ukitumia pombe ya asilimia 25, utaishia na 18 hivi. Chupa mbili za rangi moja, mmea uleule, mganga yuleyule. Moja itadumu, nyingine itaharibika. Kwa jicho la mgonjwa hazina tofauti.

Wapo wanaoikataa tincha kwa sababu ni pombe, na hoja yao inastahili jibu la hesabu. Kijiko cha chai, mililita 5 za asilimia 40, kina takriban gramu 1.6 za ethanoli. Mtu mzima halewi kwa kiasi hicho. Lakini mtoto, mjamzito, mgonjwa wa ini, aliyeacha ulevi kwa taabu na Mwislamu anayeshika dini yake wote wana haki ya kuambiwa kabla ya kumeza. Kwao kuna gliserini, ijapokuwa huchota kidogo kuliko alkoholi.

Sheria za nchi hizi mbili zimeitazama pombe na dawa kama mambo yasiyohusiana. Uganda iliweka utaratibu wa leseni za enguli, pombe kali ya kienyeji, mwaka 1965; Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, kisha sheria ya 2010 ikairuhusu kwa masharti. Tiba asili ilitambuliwa katika Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 na katika sheria maalumu ya Uganda ya 2019. Msimamizi wa tiba asili anapaswa kuuliza pia pombe ya tincha ilitoka wapi.

Swali hilo haliwezi kuachiwa mganga peke yake, hata awe mwangalifu kiasi gani. Methanoli, alkoholi yenye sumu, ikiwa ndani ya pombe iliua watu Kabale, Uganda, mwaka 2010 na katika kaunti kadhaa za Kenya mwaka 2014. Ulimi hauitambui kwa uhakika. Hidromita, kifaa ambacho ningependa kila mtengenezaji awe nacho kwa ajili ya kupima nguvu ya pombe, nayo haiwezi kuitenga, kwani msongamano wa methanoli ni 0.792 na wa ethanoli 0.789. Kinachoitambua ni maabara. Kwa hiyo alkoholi ya dawa itoke kwa mtengenezaji mwenye leseni ambaye pombe yake imepimwa, na lebo itaje asilimia yake kando ya jina la mmea, kwa chupa inayouzwa Busia na inayouzwa Tororo.