Shamba la mateja la Kentucky

Familia nyingi hapa Dar zikichoshwa na kijana anayebwia unga, wazo la kwanza ni lile lile: apelekwe mbali. Akae soba miezi kadhaa, atoke mtu mpya. Serikali ya Marekani iliwahi kulijaribu wazo hilo kwa karibu miaka 40, na majibu yake yapo.

Mwaka 1929 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuanzisha mashamba mawili ya kuwatibu watumiaji wa dawa za kulevya. La kwanza lilifunguliwa Mei 1935 nje ya mji wa Lexington, Kentucky. La pili Fort Worth, Texas, mwaka 1938. Lile la Lexington lilikuwa na ekari kama 1,000 na vitanda vipatavyo 1,500. Shamba kweli, ndugu msomaji: ng'ombe wa maziwa, bustani, karakana za ushonaji na samani. Wafungwa walichanganywa na watu waliojipeleka wenyewe. Nadharia ilikuwa rahisi. Mtoe mtu kwenye vichochoro vya New York, mpunguzie dozi taratibu mpaka arosto ipite, kisha mpe kazi, hewa safi na daktari wa akili.

Wanamuziki wa jazz walipita pale kwa wingi. Sonny Rollins aliingia mwaka 1955, akaachana na heroini. Chet Baker naye alipita, lakini heroini iliendelea kumwandama miaka mingi. Na Baker ndiye aliyefanana na wengi. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 1,900 na ushei waliotoka Lexington kurudi New York kati ya 1952 na 1955. Zaidi ya 90 katika kila 100 walirudia.

Kwa nini? Jibu lilitoka humo humo shambani. Daktari Abraham Wikler aliwaona wagonjwa waliokuwa wasafi kwa miezi wakikaa kwenye kikao na kuanza kupiga stori za unga. Ghafla miayo, machozi, makamasi. Arosto kamili, na mwilini hamna kitu! Wengine walisimulia kwamba iliwapata walipokanyaga mtaa wao wa zamani. Wikler aliandika mwaka 1948 kwamba mwili hujifunza: kona, sura ya mshikaji, harufu ya mahali, vyote huamsha kiu. Sasa shamba lingemfundishaje mtu kuipita kona ambayo haipo shambani?

Upande mwingine wa Lexington unachefua. Palikuwa na kituo cha utafiti, na chini ya Dk. Harris Isbell wafungwa walifanyiwa majaribio ya dawa mbalimbali. Watu saba walipewa LSD siku 77 mfululizo. Sehemu ya fedha ilitoka CIA. Mfungwa alilipwa kwa kupunguziwa kifungo au kwa dawa ile ile aliyopelekwa pale kuiacha. Eti walijitolea! Mimi hiari hiyo siioni. Habari hizi zilianikwa mbele ya Seneti mwaka 1975, wakati hospitali ilikuwa imeshafungwa mwaka mmoja kabla na kugeuzwa gereza.

Lakini aliyelibomoa wazo la shamba alitoka shambani. Dk. Marie Nyswander alifanya kazi Lexington miaka ya 1940, na hakuridhika na alichokiona. Mwaka 1965, yeye na Vincent Dole walichapisha matokeo yao ya New York: mgonjwa anapewa methadoni kila siku huku akiishi kwake na kwenda kazini. Dawa hiyo Lexington waliijua, ila waliitumia kuwavusha watu kwenye arosto tu, basi.

Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011. Mtu anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anarudi mtaani kwake, kesho anakuja tena. Njiani anapita kijiwe kile kile.

Sisemi soba zifungwe. Wapo waliookolewa na miezi ile ya kufichwa, na nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kubwia wenyewe, wanaojua wanachokifanya. Ila familia moja niliyozungumza nayo ilinionyesha risiti zake: malazi, chakula, ushauri nasaha. Kijana alitoka Ijumaa. Kuanzia Jumamosi, hakuna kilichokuwa kimelipiwa.