Njia ya Monsal

Njia ya Monsal ni njia ya baiskeli na ya waenda kwa miguu yenye urefu wa kilomita 13.7, inayofuata bonde la mto Wye katika eneo la Derbyshire, Uingereza. Magari hayapiti humo. Upande wa mashariki huanzia Coombs Road, pembezoni mwa mji mdogo wa Bakewell, na upande wa magharibi hukomea Blackwell Mill, kabla ya kufika mji wa Buxton. Mto huu ni mwingine kabisa na ule Wye mkubwa unaotoka Wales. Bonde limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, iliyoanzishwa mwaka 1951 ikiwa ya kwanza nchini humo. Hiyo si hifadhi ya kuhamisha watu: ndani yake mna vijiji, mashamba, malisho ya kondoo na hata machimbo ya mawe.

Ardhi ya sehemu hii ni mwamba wa chokaa. Mto umeukata mwamba huo kwa maelfu ya miaka na kuacha makorongo membamba yenye magenge meupe pande zote mbili. Barabara za vijijini hushuka ghafla hadi mtoni, zikavuka daraja na kupanda tena upande wa pili, na mwendesha baiskeli asiyezoea milima hulazimika kushuka na kukokota. Njia ya Monsal yenyewe iko karibu tambarare. Msafiri huona magenge, misitu na mto ukipinda chini yake, lakini miguu haichoki. Jambo hilo halikutokana na maumbile. Lilinunuliwa kwa gharama kubwa katika karne ya 19, na walionunua walikuwa wenye reli iliyopita hapa zamani, ambayo njia hii inafuata mkondo wake.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi, kwa hiyo garimoshi haliwezi kupanda mwinuko ambao hata punda angeupanda bila shida. Kampuni ya Midland Railway, ilipotaka njia yake yenyewe kutoka London hadi Manchester, ililazimika kuutiisha mlima: palipoinuka pakachongwa, palipobonyea pakajazwa tuta, pasipochongeka wala kujazika pakatobolewa handaki au kujengwa daraja la matao. Matokeo yake ni mpando wa takriban mita 1 kwa kila mita 100 za mwendo, kutoka Bakewell kuelekea magharibi. Reli ilifika stesheni ya Hassop mwaka 1862 na Buxton mwaka 1863.

Mahali ilipopita reli paliamuliwa pia na wenye ardhi. Duke wa Devonshire, mwenye kasri la Chatsworth, hakuikubali ipite katika bonde lake, ikageuzwa kuelekea Bakewell kupitia ardhi ya Duke wa Rutland. Huyu naye hakutaka moshi uonekane kutoka jumba lake la Haddon, hivyo ikabidi reli izikwe katika handaki nyuma ya jumba hilo. Handaki la Haddon halimo katika njia ya leo, na kukosekana kwake ndiko kunakoikatiza njia upande wa mashariki.

Sehemu inayojulikana zaidi ni Monsal Head. Hapo njia hutoka katika giza la handaki la Headstone, lenye mita 487, na papo hapo kuingia juu ya daraja la matao matano lililo juu ya mto. Mwandishi na mhakiki wa sanaa John Ruskin alililaani daraja hilo kwa ukali, akiona bonde zuri limeharibiwa ili watu wa Buxton wafike Bakewell upesi na wa Bakewell wafike Buxton. Karne moja baadaye, mwaka 1970, daraja hilohilo liliwekwa katika orodha ya majengo yanayolindwa kwa sheria, na leo picha ya bonde hilo ni nadra kuchapishwa bila matao yake. Ruskin hakukosea kulipenda bonde. Ila muda umelipa daraja rangi ya magenge yanayolizunguka.

Kutoka hapo kwenda magharibi, njia hupita mahandaki ya Cressbrook na Litton, na chini yake mtoni vinaonekana viwanda vya zamani vya kusokota pamba vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji. Cha Litton, kilichofunguliwa mwaka 1782, kina historia chungu. Watoto yatima waliletwa kutoka mijini kufanya kazi humo kwa saa nyingi na kwa kipigo. Mmoja wao, Robert Blincoe, alisimulia mateso yake katika kitabu kilichotolewa mwaka 1832, wakati Uingereza ikijadili sheria za kazi za watoto. Majengo hayo sasa ni makazi ya watu.

Stesheni ya Millers Dale ilikuwa na majukwaa matano ingawa kijiji chenyewe ni kidogo, kwa sababu abiria wa Buxton walibadilisha treni hapo. Karibu yake madaraja mawili marefu yamesimama sambamba; la pili liliongezwa mwaka 1905 shughuli zilipozidi. Hatua chache mbele yapo matanuu ya chokaa ya mwaka 1880, makubwa kama ngome, yaliyochoma mawe ya mlimani hadi mwaka 1944. Baada ya hapo bonde hubanwa zaidi kuwa korongo la Chee Dale, na njia hupita mahandaki na madaraja kwa kupokezana hadi mwisho wake.

Reli ilifungwa mwaka 1968. Mamlaka ya hifadhi iliufungua mkondo wake kwa umma mwaka 1981, lakini mahandaki makubwa yalibaki yamezibwa kwa kuhofia usalama. Kwa miaka 30 mtembezi alilazimika kuacha tuta, kupanda au kushuka vijia vyenye ngazi na tope, kisha kurudi upande wa pili wa mlima. Mwenye baiskeli hakuwa na njia ya maana. Mei 2011 mahandaki manne marefu yalifunguliwa baada ya kukarabatiwa na kuwekewa taa. Hapo ndipo Njia ya Monsal ilipokuwa njia kamili. Taa huwaka mchana tu, kwa hiyo anayepita jioni hana budi kubeba ya kwake. Ndani mna baridi hata wakati wa kiangazi, na maji hudondoka kutoka darini.

Uso wa njia ni mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa. Chini yake kokoto za reli husaidia maji kupenya, na vumbi la chokaa likilowa kisha likashindiliwa hushikamana kuwa gumu. Hakuna haja ya baiskeli ya pekee: ya kawaida yenye tairi pana kidogo inatosha, na viti vya magurudumu na vigari vya watoto hupita vilevile. Mvua ikinyesha, hata hivyo, tope jembamba jeupe huganda kwenye mnyororo na breki, na lisipooshwa hula vyuma. Kwa kuwa njia ni ya wote, wakiwemo wapanda farasi, mwendo wa kasi haufai humo; kengele hupigwa mapema, na farasi hupishwa kwa nafasi ya kutosha.

Njia hii ina ndugu zake katika hifadhi hiyohiyo. Tissington, ya kilomita 21, na High Peak, ya takriban kilomita 28, hupita juu ya uwanda badala ya bondeni, na hukutana Parsley Hay. Njia ya Manifold, iliyofunguliwa mwaka 1937 juu ya reli nyembamba iliyodumu miaka 30 tu, ni ya lami. Mpango wa mzunguko uitwao White Peak Loop unakusudia kuunganisha Monsal na High Peak, pamoja na miji ya Buxton, Bakewell na Matlock.

Upo pia wito wa kurudisha treni. Wanaoutoa wanataja msongamano wa malori ya mawe na magari ya watalii barabarani. Wanaoupinga wanasema hakuna mbadala ulio tambarare wa kumpa mwenye baiskeli katika korongo hilo. Mahandaki yalichimbwa kwa upana wa reli mbili, na kila pendekezo la kuweka treni na waendesha baiskeli pamoja hukwama katika upana huo.